Leo Fender: Fundi redio asiyejua kupiga gitaa, aliyewaachia mafundi somo la transfo

Jina la Fender limeandikwa kwenye magitaa ya dunia nzima, ya asili na ya kuigwa, kuanzia kumbi kubwa za Marekani hadi kwaya na orkestra za Bukavu. Lakini mtu aliyebeba jina hilo hakuwa mwanamuziki wa gitaa. Clarence Leonidas Fender, anayejulikana zaidi kama Leo Fender, alifariki tarehe 21 Machi 1991 akiwa na umri wa miaka 81, bila kuwahi kujifunza kupiga chombo kilichomletea sifa. Alikuwa fundi redio.

Magitaa yake yamesifiwa sana. Ampli zake hazitajwi sana nje ya duru za mafundi, ingawa ndizo alizoanza nazo. Kwa fundi anayetaka kujitengenezea ampli ya lampe nyumbani, maisha ya Fender yana somo moja kubwa: lampe zikiwa na nguvu nyingi kiasi gani, nguvu hiyo ni bure kama hakuna njia nzuri ya kuifikisha kwenye spika. Njia hiyo ni transfoma ya mwisho, ambayo kwa Kifaransa huitwa transfo de sortie. Ni kipande cha chuma na waya wa shaba, kizito, kisicho na kitufe wala taa. Mnunuzi hakioni. Fundi akikosea kukichagua, kila kitu kingine kilichomo katika sanduku kinaumia.

Mtoto wa shamba la michungwa

Leo Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika eneo la mashamba kati ya miji ya Anaheim na Fullerton, kusini mwa jimbo la California. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka minane aliugua uvimbe kwenye jicho la kushoto. Jicho hilo likaondolewa, akawekewa la kioo. Miaka mingi baadaye, kilema hicho kilimfanya asiandikishwe jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Akiwa kijana mdogo, alimtembelea mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari katika mji wa Santa Maria. Mjomba huyo alikuwa ameunda redio kwa vipuri vya hapa na pale na kuiweka dukani wateja waione. Muziki uliotoka katika spika yake ulikuwa na sauti kubwa kuliko chochote ambacho kijana huyo alikuwa amewahi kusikia. Aliporudi nyumbani, akaanza kutengeneza redio za watu kwa wazazi wake.

Redio za wakati ule zilitumia lampe, chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa ndani, ambazo mafundi wa Kenya na Tanzania huziita valvu. Ndani ya lampe, waya mwembamba hupashwa moto, kisha mkondo wa umeme hupita katika nafasi tupu kutoka kipande kimoja cha metali kwenda kingine. Ishara ndogo ikiwekwa katikati, inauongoza mkondo huo mkubwa, na sauti inakuzwa. Mwisho wa njia, kabla ya spika, kila redio ilikuwa na transfo yake ndogo. Fender alianza kuzishika transfo hizo akiwa mvulana, kabla hajafikiria gitaa lolote.

Hakuwahi kusomea umeme shuleni. Alimaliza sekondari mwaka 1928, akaingia chuo cha Fullerton kusomea uhasibu. Baada ya hapo alifanya kazi ya kupeleka mizigo katika kampuni ya barafu, kisha akawa mtunza hesabu wa kampuni hiyohiyo. Redio ziliendelea kuwa kazi ya pembeni. Kiongozi mmoja wa bendi alimwomba amtengenezee vifaa vya kukuza sauti kwenye dansi, na akaunda seti sita.

Mwaka 1934 alimwoa Esther Klosky. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi nchini Marekani. Fender alipata kazi ya uhasibu katika idara ya barabara ya California, akaipoteza. Akapata nyingine katika kampuni ya matairi, nayo ikamponyoka baada ya miezi michache. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akarudi Fullerton na mkewe, na kufungua duka la kutengeneza redio. Mtu aliyefukuzwa kwenye uhasibu akaweka maisha yake juu ya kile alichokuwa akikifanya kwa mapenzi tu.

Duka la redio lageuka karakana

Wateja wa duka hilo hawakuleta redio peke yake. Wanamuziki wa bendi za dansi walileta ampli zilizokufa, na Fender alizifungua moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zimejengwa kama redio za sebuleni, ilhali zilibebwa kwenye magari usiku kucha na kupigwa kwa nguvu mpaka alfajiri. Waya zilikatika, vipuri vilipata joto kupita kiasi, na fundi alipata taabu kuvifikia. Kasoro hizo zilikuwa shule yake.

Akiwa katika duka hilo alifahamiana na mwanamuziki na mbunifu Clayton Kauffman, aliyejulikana kama Doc. Wakati wa vita walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa K&F, wakiuza magitaa ya Kihawaii ya kulaza mapajani, kila moja likiwa na ampli yake. Mwaka 1946 Kauffman alijitoa, na Fender akaendelea peke yake kwa jina la Fender Electric Instrument Company.

Ampli zake za kwanza zilikuwa na masanduku ya mbao ngumu na ziliitwa Princeton, Deluxe na Professional. Kuanzia mwaka 1948 masanduku yakaanza kufunikwa kwa kitambaa kigumu kama kile cha mabegi ya safari. Ndani, vipuri vilipangwa juu ya ubao mmoja kwa safu, na waya zililehemiwa kwa mkono, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Baadhi yao waliacha majina yao kwenye vipande vya utepe ndani ya mashine. Kwenye ukuta wa sanduku ilibandikwa karatasi inayoonyesha kila lampe inakaa wapi. Fundi wa mji wowote aliweza kufungua, kusoma na kutengeneza.

Kazi ya transfo

Ili kuelewa alichokuwa akihangaika nacho Fender, ni lazima kujua transfo inafanya nini. Lampe ya nguvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Katika ampli ya gitaa, volti hizo ni kama 300, na katika ampli kubwa huzidi 400. Spika iko kinyume: inataka volti chache na mkondo mwingi. Lampe hutaka kukuta ukinzani wa maelfu ya omu mbele yake, huku spika ikiwa na omu 4, 8 au 16 tu. Zikiunganishwa moja kwa moja, karibu nguvu yote inapotea njiani.

Transfo huwapatanisha wawili hao. Ina waya mrefu mwembamba upande wa lampe na waya mfupi mnene upande wa spika, zote zimezungushwa kwenye chuma kimoja. Hazigusani, bali huwasiliana kwa nguvu ya sumaku. Tofauti ya idadi ya mizunguko ndiyo inayoamua lampe itaiona spika kuwa na ukubwa gani.

Ampli ya Deluxe ya miaka ya 1950 ni mfano mzuri. Ilikuwa na lampe mbili za aina ya 6V6, nguvu ya wati 15 hivi, na spika moja ya inchi 12 yenye omu 8. Lampe hizo mbili zinahitaji kama omu 8,000. Ukigawa 8,000 kwa 8 unapata 1,000, na kipeuo cha pili cha 1,000 ni karibu 32. Kwa hiyo, kwa kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika, kunatakiwa mizunguko 32 upande wa lampe. Fundi akiweka spika ya omu 4 kwenye transfo hiyohiyo, lampe zitaona omu 4,000 badala ya 8,000, na zitafanya kazi kwa shida.

Hesabu peke yake haitoshi. Ampli ndogo ya Champ ilikuwa na lampe moja tu ya nguvu, na ilitoa kama wati 5. Lampe ikiwa moja, mkondo hupita kwenye transfo kwa upande mmoja bila kukoma, hata wakati hakuna muziki, na chuma kinakaa kikiwa tayari kimejaa sumaku nusu. Ndiyo maana transfo ya aina hiyo huachiwa mwanya mwembamba katikati ya chuma chake. Lampe zikiwa mbili zinazosukumana kwa zamu, mikondo yao hukwenda pande tofauti na kufutana, na mwanya hauhitajiki. Transfo ya familia moja haiwezi kuwekwa mahali pa nyingine, hata kama namba zake zinafanana.

Kuna na suala la uzito. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41. Kadiri sauti inavyokuwa ya chini, ndivyo chuma kinavyolazimika kubeba sumaku kwa muda mrefu zaidi katika kila wimbi. Chuma kikiwa kidogo kinashiba, na besi inageuka kuwa uji. Hakuna ujanja wa kukwepa jambo hilo: besi safi inataka chuma kingi, na chuma kingi kinataka pesa.

Masikio ya kuazima

Fender hakuwa akitengeneza transfo mwenyewe. Alizinunua kwa kampuni zilizobobea, hasa Triad ya California, na baadaye Schumacher ya Chicago. Kazi yake ilikuwa kuchagua: chuma kiasi gani, kwa lampe zipi, kwa spika gani, kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida ataimudu.

Kwa kuwa hakupiga gitaa, aliazima masikio ya wengine. Aliwapa wanamuziki ampli mpya wazipeleke kazini, kisha akasubiri malalamiko yao. Alikwenda mwenyewe kwenye kumbi za dansi za California, na alijulikana kwa kushughulika na vifaa hata wakati bendi ikiwa jukwaani. Mwaka 1953 alimwajiri Freddie Tavares, mpiga gitaa kutoka Hawaii aliyekuwa na ujuzi wa ufundi, na mtu huyo akawa sikio lake la karibu katika maabara.

Wakati huo kampuni ilikuwa imeshaanza kubadilisha muziki wa dunia. Mwaka 1950 lilitoka gitaa la mbao nzima lisilo na tundu, ambalo mwaka uliofuata lilipata jina la Telecaster. Mwaka huohuo wa 1951 likaja gitaa la besi la umeme, Precision. Mwaka 1954 ikawa zamu ya Stratocaster. Mambo yalikuwa yakibadilika na huku Kongo: mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, naye ndiye anayetajwa kuliingiza gitaa la umeme katika studio za mji huo.

Gitaa la besi lilimrudisha Fender kwenye swali la chuma. Mwaka 1952 alitoa ampli ya Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Baada ya miaka michache akaacha spika moja kubwa na kuweka nne za inchi 10. Toleo maarufu zaidi, lililotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lilikuwa na lampe mbili za 5881 na spika nne za omu 8 zilizounganishwa sambamba. Spika nne za namna hiyo zinakuwa na omu 2 kwa pamoja, na transfo ilitengenezwa kwa omu hizo 2. Hapa spika na transfo ziliamuliwa kwa pamoja, kama mlango na fremu yake. Jambo ambalo halikupangwa ni kwamba wapiga gitaa waliipenda ampli hiyo kuliko wapiga besi.

Fender mwenyewe alitafuta sauti safi. Mikwaruzo ambayo baadaye ilikuja kupendwa na wapiga roki, kwake ilikuwa hitilafu ya kuondolewa. Alitaka kila uzi usikike peke yake hata ukumbi ukijaa.

Kijana aliyeunguza spika

Mtihani mkubwa zaidi uliletwa na kijana aliyeitwa Dick Dale, mpiga gitaa wa mkono wa kushoto aliyekuwa akijaza ukumbi wa Rendezvous huko Balboa, pwani ya California. Alitumia nyuzi nene na alipiga kwa kasi na nguvu isiyo ya kawaida. Ampli alizopewa na Fender zilikufa. Kwa masimulizi ya Dale mwenyewe, yaliyorudiwa kwa miaka mingi, aliharibu makumi ya ampli na spika kabla ya suluhisho kupatikana.

Katika masimulizi hayo, Fender na Tavares walikwenda ukumbini kusimama katikati ya umati. Hapo ndipo Fender alipoelewa kwamba sauti inayotosha karakanani inamezwa na miili ya maelfu ya vijana wanaocheza. Jibu halikuwa kuongeza lampe peke yake. Ilihitajika transfo kubwa zaidi, inayoweza kupitisha nguvu yote ya lampe nne bila kuibana sauti ya chini wala ya juu, pamoja na spika ya JBL ya inchi 15 iliyoimarishwa ili istahimili. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana ampli ya Showman, yenye wati 85 hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mzunguko uleule, sauti nyingine

Wakati Fender akihangaika na Dick Dale, kule London mambo mengine yalikuwa yakitokea. Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, alikuwa na duka la vyombo vya muziki katika mtaa wa Hanwell. Vijana wa London walizitamani ampli za Fender, lakini kutoka Marekani zilifika kwa bei kubwa. Mwaka 1962 Marshall, fundi wake Ken Bran na kijana Dudley Craven waliifungua Bassman, wakaunakili mzunguko wake karibu wote, na kujenga ampli waliyoiita JTM45.

Mchoro ulikuwa uleule, ila vipuri vilikuwa vile vilivyopatikana London. Transfo ilinunuliwa katika duka la vipuri la Radiospares, na haikuwa ile ya Triad. Badala ya spika nne za inchi 10 ndani ya sanduku lililo wazi nyuma, waliweka nne za Celestion za inchi 12 katika bafle iliyofungwa. Sauti iliyotoka haikuwa ya Fender. Ilikuwa nzito zaidi, na iliposukumwa ilipasuka mapema. Katika sauti hiyo ulijengwa muziki wa roki wa Uingereza.

Si haki kusema transfo peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, maana spika, bafle na lampe navyo vilibadilika. Lakini tukio hilo linathibitisha jambo moja: anayenakili mchoro bila kunakili chuma hapati ampli ileile. Anapata ampli nyingine, ambayo inaweza kuwa mbaya au, kama ilivyomtokea Marshall, kuwa mwanzo wa utajiri.

Ugonjwa, mauzo na kurudi kazini

Katikati ya miaka ya 1950 Fender alipata maambukizi ya sinasi yasiyopona. Kufikia miaka ya 1960 afya yake ilikuwa imedhoofika kiasi kwamba aliamini hana muda mrefu wa kuishi. Januari 1965 kampuni yake iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Yule aliyeanza na mkopo wa dola 600 akawa tajiri, huku akijiandaa kwa kifo.

Kifo hakikuja. Miaka michache baada ya mauzo alipata daktari aliyeweza kumtibu, akapona. Kampuni haikuwa yake tena, lakini hakuweza kukaa bila kazi. Miaka ya 1970 alijiunga na waliokuwa wafanyakazi wake katika kampuni ya Music Man, na mwaka 1975 akawa rais wake. Wakati huo transista zilikuwa zimeshaingia sokoni. Ni nyepesi, ni rahisi, na kwa kawaida hazihitaji transfo ya mwisho, kwa sababu zenyewe zinaweza kutoa mkondo mwingi kwa volti chache. Hata hivyo ampli za kwanza za Music Man zilitumia vipuri hivyo vipya mwanzoni mwa njia tu. Mwishoni, mahali pa kusukuma spika, walibakiza lampe na transfo.

Mkewe Esther alifariki mwaka 1979. Fender alioa tena, na pamoja na rafiki yake wa siku nyingi George Fullerton alianzisha kampuni ya G&L. Ugonjwa wa Parkinson ulimkamata uzeeni, lakini aliendelea kwenda karakanani hadi siku moja kabla ya kufa. Mwaka 1992, baada ya kifo chake, aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll.

Nini kimebaki kwa fundi wa Bukavu

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa ubinadamu mwezi Desemba 2021, inataka kile alichokitafuta Fender: gitaa safi, kila uzi ukisikika, hata sebene inapopanda. Fundi anayejenga ampli kwa ajili ya muziki huo anahitaji transfo yenye chuma cha kutosha. Anayetaka sauti ya kukwaruza anaweza kuridhika na ndogo zaidi. Uamuzi huo hutangulia manunuzi, kwa sababu transfo ni nzito na kuisafirisha mpaka Bukavu kunaongeza gharama.

Transfo ya redio ya zamani ya lampe inaweza kutumika, kwa mipaka yake. Kwa kawaida ilitengenezwa kwa lampe moja na wati chache. Inafaa ampli ya kufanyia mazoezi chumbani, haifai ukumbi. Ikiwa haina maandishi, fundi anaweza kuipima ikiwa imetolewa kabisa kwenye mashine. Anaweka volti 12 za mkondo wa kupishana kutoka transfo ndogo salama kwenye upande wa waya mwembamba, kisha anapima upande wa spika. Akipata volti 0.375, uwiano ni 32. Namba hiyo akiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa omu 8 za spika, anapata karibu 8,000, na hapo anajua lampe zitaona nini.

Transfo hii isichanganywe na ile ya kuingizia umeme. Ampli iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inategemea volti zipatazo 120, na umeme wa Bukavu ni volti 220. Ikichomekwa moja kwa moja, transfo ya umeme itaungua. Transfo ya mwisho haijali umeme wa nyumba unatoka wapi, maana yenyewe hupitisha muziki tu.

Jambo la mwisho ni la uhai. Volti 400 zinaua, na kapasita huzihifadhi hata baada ya ampli kuchomolewa ukutani. Ni lazima zimalizwe na kupimwa kabla ya mkono kuingia ndani. Vilevile ampli ya lampe isipigwe kamwe bila spika. Nguvu ikikosa pa kwenda, volti ndani ya transfo hupanda ghafla, zikapasua kinga ya waya, na kipuri cha bei kubwa kikafa kwa dakika moja.

Mpangilio uliotokana na kazi ya Fender ni rahisi kuufuata: kwanza amua muziki na ukubwa wa mahali, kisha spika, kisha lampe, kisha transfo inayoziunganisha. Sanduku, rangi na vitufe vinunuliwe kwa pesa itakayobaki.